Duara la Mshikamano

Asubuhi ya siku ya soko, kupitia kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari la taka, Baraza la Mji liliwatangazia wananchi wote kwamba mji wa kale umekufa, na kwamba, kwa moyo wa huruma, Mstahiki Meya ameamua kuufufua.

Wakazi wa mji wa kale walipokea habari za kifo chao kwa utulivu mkubwa. Wengi walikuwa wananunua vitunguu. Mwuza samaki aliuliza kama wafu wataendelea kulipa ushuru wa meza, na gari la taka likamjibu kwamba utaratibu huo hautabadilika. Kinyozi alisimamisha mkasi juu ya kichwa cha mteja, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi tumalize upande huu wa kushoto, usije ukazikwa na nywele nusu."

Aliyeandika tangazo lile alikuwa Katibu wa Kamati ya Uhuishaji wa Mji wa Kale na Ukingo wa Bahari. Alikuwa mtu mpole, mwenye shati lililopigwa pasi hata mahali pasipoonekana. Alilisikia tangazo akiwa ameketi kwenye ngazi za Forodha ya zamani, kikombe cha chai mkononi, akaona limetoka vizuri, isipokuwa neno "marehemu", ambalo pengine lilizidi kidogo.

"Hivi mimi nimekufa lini?" aliuliza mama mdogo wake, huku akimwongezea chai.

"Kiutawala, mama mdogo. Ni kufa kwa kiutawala tu."

"Hiyo afadhali. Haya kunywa, marehemu anamimina."

Mama mdogo huyu ndiye ambaye mji mzima ulimwita Mama Birika. Mama yake Katibu alipofariki, Katibu alikuwa bado hajui kufunga vifungo vya shati, na Mama Birika alimchukua akamlea pale pale kwenye ngazi za Forodha, kati ya jiko la mkaa na birika kubwa la bati. Alijifunza kusoma hapo, na jua likiwa kali mama mdogo alimkingia daftari kwa sinia. Viatu vyake vya shule vilitoka kwenye birika lile. Hata ukatibu wenyewe, ukiufuatilia nyuma, ulianzia kwenye mvuke wake.

Watu wengi walifika kwenye ngazi zile kwa ajili ya chai. Wengine, kama yule mgane mwenye duka la kamba, walifika ili mtu awaulize wameamkaje. Mama Birika aliwauliza wote, na alingoja jibu. Vikombe vyake vilikuwa vya udongo, vizito, na kimoja kilikuwa kimemeguka kitako. Hicho hakukitupa, kwa sababu kilikaa vizuri mkononi kuliko vingine.

Sasa ili mji ufufuliwe, ilibidi kwanza upatikane mchoro. Mchoro uliletwa kutoka mbali, kwa mtaalamu mshauri aliyeuchora bila kufika mjini, asije akaathiriwa na hali halisi. Ulikuwa mkubwa hata ukafunika meza yote ya ukumbi wa Baraza. Ulionyesha barabara ya kando ya bahari ikiwa safi kama sahani, na nyumba za kale zimepakwa rangi ya maziwa. Palikuwa na mwanamke mwembamba mwenye mwavuli wa njano, mwanamume juu ya baiskeli, mume na mke wanaocheka, bwana anayetazama saa, mbwa mweupe, mtoto mwenye puto jekundu, na kundi la wageni wenye kofia. Hakuna aliyekuwa anauza kitu. Hakuna aliyekuwa amebeba kitu. Watu kadhaa walishika vikombe, lakini haikuonyeshwa vilitoka wapi.

"Huu," alisema Mstahiki Meya, "ndio uchangamfu."

Chai ya kikao ililetwa na Katibu mwenyewe kutoka kwa Mama Birika, kama kawaida. Mstahiki Meya alikunywa, akatafuta pa kukiweka kikombe, na kwa kuwa meza yote ilikuwa mchoro, alikiweka kwenye mchoro, mbele kidogo ya ngazi za Forodha. Alizungumza juu ya fursa. Akazungumza juu ya mnyororo wa fursa. Alipokiinua kikombe ili amalizie, chini yake palikuwa na duara la kahawia, limekamilika vizuri, isipokuwa palipomeguka kitako pameacha pengo. Nje ya pengo lilidondoka tone moja.

Wajumbe wote waliliona. Mmoja alifungua mdomo. Lakini Mstahiki Meya alikuwa tayari ameshika kalamu, akatia saini, akagonga muhuri.

"Mchoro umepitishwa kama ulivyo," akasema. "Atakayeongeza au kupunguza hata nukta, ajue ananipinga mimi."

Yule mjumbe alifunga mdomo, akaonekana kana kwamba alikuwa anapiga miayo tu.

Baada ya kikao, Mhandisi wa Mji alimvuta Katibu kwenye korido, ameukumbatia mchoro kama mtoto mgonjwa.

"Katibu, ndugu yangu. Hiki ni nini hapa?"

"Wewe unakionaje?"

"Mimi naona kitu cha mviringo."

"Hata mimi naona hivyo hivyo."

"Cha kahawia."

"Kahawia iliyopauka."

"Nimekipima, Katibu. Kwa vipimo vya mchoro, ndani yake inaingia nyumba ya familia, pamoja na mjomba. Halafu kina pengo. Na nje ya pengo kuna hiki kitone."

Walitazamana kwa muda, kama watu wawili waliokuta ng'ombe juu ya paa na kila mmoja anangoja mwenzake aseme.

"Nitajenga," alisema Mhandisi, kwa sauti ya mtu aliyetoka kwa daktari.

"Jenga, ndugu yangu. Mimi nitakitafutia jina."

Ndivyo lilivyozaliwa Duara la Mshikamano, ambalo katika taarifa ya mradi lilielezwa kuwa "kipengele jumuishi cha mviringo, chenye rangi inayoakisi udongo wa wahenga, uwazi wa makusudi unaokaribisha majadiliano, na nundu ya pembeni kwa ajili ya tafakuri". Mstahiki Meya alipoisoma aya hiyo alisema hicho ndicho alichokuwa nacho moyoni siku zote, ila alikosa maneno.

Kazi ikaanza. Mchoro ulikuzwa, ukawa bango refu sana, likasimamishwa kando ya ukuta wa bahari kutoka mwanzo wa barabara hadi gatini. Liliiziba bahari yote, ili wananchi waone bahari itakavyoonekana. Watu waliozoea kupunga upepo jioni sasa walipunga mbele ya bango, na walikiri kwamba maji yake yalikuwa ya buluu kuliko yale ya nyuma.

Kisha ikatoka Kanuni ya Ulinganifu. Kanuni hii ilikuwa rahisi na ya haki: mtu, mnyama au kifaa kisichoonekana kwenye mchoro kisionekane barabarani. Mstahiki Meya alikwenda mwenyewe kumkabidhi kazi mlinzi wa kizuizi, kijana mrefu aliyekuwa na furaha kubwa kupewa filimbi.

"Asiyekuwemo kwenye mchoro asipite," alisema Mstahiki Meya. "Hata awe nani."

"Hata awe nani, Mstahiki?"

"Hata awe nani!"

Mlinzi alirudia maneno hayo kimoyomoyo njia nzima ya kurudi nyumbani, asije akayasahau.

Ikabaki kazi ya kumweleza Mama Birika. Kamati ilimteua Katibu, kwa kuwa ana uzoefu naye. Katibu alizunguka Forodha yote, akasoma matangazo ya zamani ukutani, akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Halafu akakaa kwenye ngazi.

"Umekula?" aliuliza Mama Birika.

"Mama mdogo, nimekuja kikazi."

"Kazi haikatazi kula. Shika mkate huo. Haya, sema."

"Ile siku ya ufunguzi wageni wafadhili wanakuja. Wakikuta kila kitu kinalingana na mchoro, fedha zinatoka. Sasa, kwenye mchoro..." Alimega mkate. "Kwenye mchoro humo."

Mama Birika alisogeza mkaa kwa kijiti. "Hamkunichora?"

"Hawakukuchora. Hatukuchora sisi."

"Na birika?"

"Wala birika. Siku ya ufunguzi itabidi uwe umehamia Eneo Mbadala."

Eneo Mbadala lilikuwa nyuma ya dampo, kwenye kilima. Lilikuwa na meza nzuri za saruji na upepo mwingi, na hakuna mtu aliyewahi kuonekana huko, isipokuwa aliyezijenga.

"Mwanangu," alisema Mama Birika taratibu, "yule mgane wa kamba miguu yake unaijua. Kilima kile atapandaje? Na akibaki huku chini, atakaa kutwa nzima bila kuulizwa ameamkaje?"

Katibu alitazama mkate wake.

"Hao waliochorwa lakini, hawanywi chai?"

"Wanakunywa. Wameshika vikombe."

"Anawapikia nani?"

"Hilo halijaonyeshwa, mama mdogo."

"Basi watakuwa wanakunywa upepo, maskini," alisema Mama Birika, akawaonea huruma kweli. Kisha akamfuta Katibu makombo kwenye tai, akamwambia arudi kazini asije akagombezwa.

Wiki iliyofuata ukafanyika Usaili wa Nafasi za Uchangamfu, maana mchoro ulikuwa na watu na barabara ilikuwa haina. Katibu mwenyewe alipewa nafasi ya bwana anayetazama saa, ambayo ilimfaa bila mafunzo. Mhandisi wa Mji akawa mmoja wa walioshika vikombe. Kinyozi akashinda nafasi ya baiskeli. Ilipobainika kwamba hajui kuendesha, baiskeli ilifungwa kwenye nguzo, naye akaelekezwa aonekane anakwenda. Mume na mke wanaocheka wakawa fundi viatu na mwuza samaki, ambao walikuwa hawasemeshani tangu fundi amtengenezee ndara, moja ndefu na moja fupi. Siku ya kwanza ya mazoezi walicheka kwa mujibu wa mkataba tu, kila mmoja anatazama upande wake.

Mbwa mweupe hakupatikana mji mzima. Baada ya mashauriano nafasi ilipewa mbuzi mweupe, kwa cheo cha Kaimu Mbwa, mpaka mwenyewe atakapopatikana. Alisomewa barua yake ya uteuzi, akakabidhiwa, akaila.

Mama Birika naye alifika kwenye usaili, amejifunga kitambaa kipya kichwani. Aliomba nafasi ya mwavuli wa njano. Katibu alikuwa mwandishi wa jopo, akainamia karatasi zake.

"Mwanamke wa kwenye mchoro ana kiuno, mama," alisema mwenyekiti wa jopo kwa adabu.

"Hata mimi ninacho, mwanangu. Kiko ndani."

Jopo lilicheka mpaka likatoa vitambaa, kisha likampa nafasi hiyo shemeji yake Meya. Mama Birika aliwashukuru. Alipotoka aliwaachia birika la chai mlangoni, kwa kuwa aliona tangu asubuhi hawajapumzika.

Siku ya ufunguzi ikafika, jua zuri, bango linang'aa. Kila mtu alikuwa mahali pake. Katibu alisimama mbele ya Duara la Mshikamano, mkono umekunjwa, macho kwenye saa. Kwa kuwa hakuruhusiwa kuyainua, aliona tu ardhi ya ng'ambo ya kizuizi, na juu ya ardhi hiyo aliona miguu ya mama mdogo wake na vitako vya birika na jiko. Mama Birika alikuwa amefungasha. Mkokoteni wa kumpeleka Eneo Mbadala ulikuwa umeshafika. Pembeni ya miguu yake kulikuwa na miguu mingine, iliyovimba, ndani ya malapa. Mgane wa kamba alikuja kumuaga.

"Mlinzi, umekunywa chai?" Katibu alimsikia mama mdogo wake akiuliza.

"Bado, mama."

"Shika. Hii ya mwisho ina tangawizi."

Wageni wafadhili walifika na kofia zao. Mlinzi aliwatazama, akalitazama bango, akahesabu kofia, akafungua kizuizi. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mnene, mwenye kofia pana ya ukindu na macho yanayopenda kucheka. Alisalimia kila mtu, hata Kaimu Mbwa, na kinyozi, aliyekuwa anatoa jasho kwa kwenda bila kufika.

Kasoro ilikuwa moja tu. Mtoto mwenye puto jekundu, mjukuu wa kinyozi, alishikwa na usingizi, bibi yake akamchukua, akamwachia mlinzi puto.

Ndipo likafika gari la Mstahiki Meya, limechelewa kwa heshima. Alishuka amevaa joho na mkufu, hotuba kwapani, akaelekea kizuizini bila kupunguza mwendo. Kizuizi hakikuinuka. Mkufu uligonga mti wake, ukalia.

"Shikamoo, Mstahiki," alisema mlinzi.

"Marahaba. Fungua."

"Nafungua. Ila kwanza tuangalie." Mlinzi aligeukia bango, akatembeza kidole hewani. "Mwavuli wa njano, siye. Baiskeli, siye. Wanaocheka..." Alimtazama Meya usoni kwa makini. "Siye. Mbwa yupo kazini. Mstahiki, mbona sikuoni?"

"Mimi ni Meya!"

"Nakufahamu sana, Mstahiki. Picha yako iko sebuleni kwangu. Ni hapa ndipo haipo."

"Nani amekupa amri hii?"

"Wewe, Mstahiki. Ulisema hata awe nani. Nikakuuliza, hata awe nani? Ukasema, hata awe nani. Nilipomsimulia mke wangu, alisema, huyo sasa ndiye kiongozi."

Mama mwenye kofia alisogea karibu, anafurahi waziwazi. "Hebu oneni!" aliwaambia wenzake. "Hapa kanuni haina mkubwa wala mdogo. Tumezunguka miji mingi, hili hatujaliona." Wageni wakapiga makofi. Mstahiki Meya, kwa kuwa alikuwa anapigiwa makofi, alijikuta anatabasamu na kupunga mkono, huku kiwiliwili chake kiko nje.

"Katibu!" aliita kupitia meno yaliyotabasamu. "Fanya kitu!"

Katibu hakuinua macho kutoka kwenye saa. "Mstahiki, nafasi iliyo wazi ni moja. Ya mtoto mwenye puto."

Yalipita majadiliano mafupi, ya mnong'ono. Kisha mlinzi akamkabidhi Mstahiki Meya puto, akakagua bango, akamsogeza hatua moja kulia.

"Mguu wa kushoto umeinuliwa kidogo, Mstahiki. Hivyo. Macho kwenye puto. Mdomo wazi."

"Na hotuba yangu?"

"Mtoto hajaonyeshwa anahutubia."

"Lakini mdomo uko wazi!"

"Uko wazi kwa mshangao, Mstahiki. Angalia mwenyewe."

Hivyo ndivyo Mstahiki Meya alivyoingia katika mji alioufufua, kwa mguu mmoja. Mwuza samaki alimwona. Alijaribu kucheka kwa mujibu wa mkataba, akashindwa, akacheka kwa moyo wake wote mpaka akamshika fundi viatu begani asianguke. Fundi viatu akamshika na yeye, machozi yanamtoka, akasema, "Ndara zako nitazirudia bure, dada, jamani, niache nipumue."

Mama mwenye kofia aliendelea na ukaguzi, akifuata nakala ya mchoro aliyokuja nayo. Kila alichokitafuta kilikuwepo. Alifika kwenye Duara la Mshikamano, akalizunguka kutoka mwanzo wa pengo mpaka mwisho wa pengo, akasimama mbele ya nundu ya tafakuri.

"Katibu," aliita, "hiki ni nini?"

Katibu alianza kama alivyoandika. "Ni kipengele jumuishi cha mviringo, chenye rangi inayoakisi udongo wa..."

"Hapana, mwanangu. Ni nini?"

Aliulizwa vile vile anavyoulizwa na mama mdogo wake, na mwulizaji akangoja jibu. Kule kwenye kizuizi mkokoteni ulikuwa unapakiwa. Alilisikia birika linagonga ubao. Mstahiki Meya aliyatoa macho kwenye puto, akamkazia Katibu. Kwa macho yale Katibu aliiona meza yake ofisini ikiwa tupu, na kiti chake kimekaliwa na mtu mwingine.

Katibu akateremsha mkono wake.

"Katibu, saa," alinong'ona mlinzi.

"Ni alama ya kikombe," alisema Katibu. "Kikombe kina kitako kilichomeguka. Mstahiki Meya alikiweka juu ya mchoro, halafu akaupitisha kama ulivyo. Wote tulikuwepo. Ile nundu ni tone."

Mhandisi alifumba macho, na usoni mwake ukapita unafuu wa mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Wote walimgeukia Mstahiki Meya. Alikuwa na mengi ya kusema, lakini mlinzi alikuwa anamtazama yeye na bango kwa zamu, kwa hiyo alibaki mdomo wazi, na mshangao wake sasa ulilingana na mchoro kuliko mwanzo.

Mama mwenye kofia aliinama, akaigusa nundu. Mabega yake yakaanza kutikisika. "Meza ya mama yangu ilijaa haya," alisema, akijifuta macho. "Maduara matupu! Nilijua nimeliona mahali." Alipopata pumzi aliuliza, "Na chai yenyewe ilikuwa ya nani?"

"Ya mama mdogo wangu. Yule pale, nje ya kizuizi. Anahamishwa leo kwa sababu hayumo kwenye mchoro."

"Hayumo vipi?" Mama mwenye kofia aliinua nakala yake, akaonyesha. "Kitu kikubwa kuliko vyote kwenye mchoro huu ni chai. Mlinzi! Chai imo au haimo?"

Mlinzi alilitazama bango kwa muda mrefu, kwa uaminifu, kuanzia pengo hadi tone. Kisha akalitazama birika.

"Imo," alisema. "Na ndiyo imechorwa kubwa. Mama, samahani sana, tulikuchelewesha. Pita." Akainua kizuizi, na kwa kuwa aliona jiko ni zito, alilibeba mwenyewe, filimbi mdomoni.

Mama Birika aliingia pole pole, amemshika mkono mgane wa kamba, akieleza kwamba huyu ni mteja na chai isiyo na mteja haijakamilika. Jiko likawekwa kwenye pengo, moshi ukatokea hapo hapo bila kumsumbua mtu. Nundu ya tafakuri ilikuwa na kimo cha kukalia. Mama Birika aliijaribu, akajisogeza kidogo, akaridhika.

"Aliyejenga hapa Mungu ambariki," alisema. "Amenifikiria mgongo."

Mhandisi alilia kidogo, pembeni, kwa kuwa hakuna aliyewahi kusifu kazi yake.

Mkataba ulitiwa saini juu ya sinia la vikombe. Mama mwenye kofia aliandika kwa mkono wake kwamba fedha zitatoka mradi kila kitu kibaki kama kilivyo, na atakayeongeza au kupunguza hata nukta atakuwa anampinga yeye. Aliahidi kuja kukagua mara kwa mara, bila taarifa, na akasema amempenda hasa yule mtoto.

"Mtoto yupi?" aliuliza Mstahiki Meya, akisahau kwamba haongei.

"Wewe, baba. Usibadilike."

Wageni walikuwa bado wanapiga picha, kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuondoka. Mstahiki Meya alisimama kwa mguu mmoja, mkono mmoja puto, huku Kaimu Mbwa akionja ncha ya joho lake kwa makini, kama anayelipitia kabla ya kulipitisha. Watu walikuwa wanapita na kumsalimia. Mama Birika peke yake ndiye aliyeona kwamba midomo imemkauka. Alimimina chai, kwenye kile kikombe kinachokaa vizuri mkononi, akampelekea.

"Umeamkaje, Mstahiki?" aliuliza, akangoja.

Mstahiki Meya alifikiri. Ilionekana swali hilo hajaulizwa siku nyingi. "Vizuri, mama," alisema mwishowe. "Ila mguu unaniuma."

Akanywa. Puto likavutwa na upepo, akataka kulishika kwa mikono miwili, akageuka huku na huku kutafuta pa kukiweka kikombe. Akainama kuelekea chini.

Fundi viatu na mwuza samaki waliacha kucheka, na baiskeli ya kinyozi ikasimama rasmi. Mhandisi wa Mji, bila kuambiwa, alichomoa futikamba mfukoni, akaivuta, akakaa tayari.

Mama Birika akawahi akanyoosha mkono.

"Lete nikushikie, mwanangu," alisema. "Ukikiweka tu, hawa watajenga."